Utupa wa Kaburini

Utupa huota wenyewe porini, kwenye majani marefu na miti. Maganda yake yanafanana na ya maharage, ila yana manyoya, na hayaliwi. Marehemu mume wangu alileta mbegu mfukoni kutoka mapori ya Biharamulo, akazipanda kuzunguka muhogo, kwa sababu fuko hapendi mizizi ya utupa. Alipofariki tulimzika pembeni mwa shamba hilo hilo, hapa Ntobeye, nami nikapanda utupa kuzunguka kaburi. Sikutaka fuko wamfukue.

Mwanangu alioa binti kutoka Kaniha, wakapata mtoto. Mtoto alikuwa ameanza kutambaa Jumapili ile niliporudi kanisani nikakuta kando ya kaburi peupe. Utupa wote umeng'olewa, umerundikwa nyuma ya jiko. Mkwe wangu akaja, mikono ina udongo, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nilimuuliza nani kamtuma. Akasema hakuna. Kwao watu walitwanga utupa wakamwaga mtoni wapate samaki, na waliokunywa maji yale waliugua. Asubuhi ile alimkuta mtoto ana jani mdomoni.

"Baba nitamwomba msamaha pale pale alipolala," akasema. "Mtoto nikimpoteza, nitamwomba nani?"

Tangu siku ile kila asubuhi aliniamkia, na kila asubuhi nilimpita kimya. Mwanangu alipojaribu kutupatanisha nilimwambia akalime.

Mvua zikaanza, na fuko wakaja. Vilima vya udongo vilitokea kwenye muhogo, kisha juu ya kaburi. Udongo ukatitia, msalaba ukalala upande. Niliusimamisha, ukalala tena. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, naushindilia kwa mawe, mkwe wangu aliponiona. Aliondoka, akarudi na mzigo wa miiba kichwani, na kwenye ncha ya kanga amefunga maganda aliyoyachambua kutoka lile rundo lililokauka.

Nikanyoosha mkono nipokee mbegu. Hakuziachia.

"Uzio kwanza, mama. Mbegu baadaye."

Tulizungusha miiba mpaka jua likazama, kaburi peke yake, tukaacha mlango mdogo. Muhogo tuliwaachia fuko wale watakachokula. Ndipo akafungua kanga.

Asubuhi iliyofuata alipiga goti mlangoni kama kawaida yake.

"Marahaba," nikamwambia. "Na ule mlango wa uzio, utakuwa unaufunga wewe."