Honi ya Posho Kule Dundori

Leo nacheka na nyinyi, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja Dundori mbele yangu nilikuwa natoka nje kama mtu aliyesahau ng'ombe wake malishoni. Aibu ile ilinikaa mwilini. Acha niseme yaishe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi ni dereva wa Mzungu mmoja wa Milimani, Nakuru, na huyo bwana alikuwa amelijengea gari lake nyumba huko nyuma: kitanda, jiko, taa za bateri, tanki la maji, na pampu ndogo ya umeme ya kusukuma maji hadi bafuni (bafu lenyewe, ukiinua kiwiko umegonga ukuta). Jumamosi hiyo alialikwa chakula kwa rafiki yake mwenye shamba Dundori, na babake Anjelina, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa mpishi wa shamba hilo hilo, na alasiri hiyo hiyo wazee wake walikuwa wanione kwa mara ya kwanza waamue kama nitapewa binti yao. Roho haikutulia tangu asubuhi. Mlimani rejeta ikachemka, nikaipoza na maji, ikachemka tena, nikaipoza tena, nikafika shambani nimejaa vumbi na jasho.

Mtu mwenye akili angeomba karai. Mimi nikasema hapana, nimemwambia Anjelina kwamba ninaishi na umeme, basi nitaoga kwa umeme. Nikaegesha kando ya stoo, nikavua nguo, maji yakatoka kidogo, nikajipaka sabuni kuanzia utosini, nikafungua tena na hakuna kitu, pampu inanguruma tu.

Nikajua ni bateri. Nikabadilisha fyuzi, nikakwangua waya kwa kisu, nikazifunga upya, povu linaingia machoni, na saa inakwenda. Sasa, dereva akitaka kujua hali ya bateri hufanya nini? Anapiga honi. Nikanyoosha mkono hadi kwenye usukani nikabonyeza, ikalia vizuri, sikuamini, nikabonyeza tena kwa muda mrefu nisikie kama itafifia.

Kumbe kwenye shamba lile honi ikilia kando ya stoo siku ya Jumamosi, ni posho ya unga inagawiwa wafanyakazi.

Nikafungua mlango wa nyuma nishuke kuangalia waya za chini, kiunoni nina kitambaa cha kufutia vyombo, na kitambaa kikanasa kwenye kitasa, mimi nikaendelea kushuka. Watu walikuwa wameshapanga foleni na magunia na madebe. Wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja mnene, na nyuma yake Anjelina, akasema polepole, "Mama, usiangalie."

Kwetu (sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya) mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Mama yule akajifunika gunia kichwani akageuka. Foleni nzima ikacheka, na nyapara akaja mbio na funguo akiuliza ni nani amepiga honi kabla hajafungua stoo. Nikarudi ndani nikajifungia, nikatamani gari literemke lenyewe hadi ziwani.

Baadaye Anjelina akaweka debe la maji mlangoni. "Nimegonga tanki," akasema. "Ni tupu." Ndipo nikakumbuka maji niliyokuwa nikimwagia rejeta nilikuwa nikiyachota wapi. Akaongeza kwamba babake amesema leo hakuna mazungumzo.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri, nilijua nimemkosa. Kisha ujumbe ukaja kutoka kwa wazee wake: njoo, lakini kwa miguu. Nikaoga Nakuru, kwenye karai, maji nikiyaona kwa macho (na mpaka leo sijipaki sabuni kabla ya kuyaona), nikavaa koti na tai ya kuazima, nikapanda mlima wote nimefunga vifungo hadi shingoni. Nikakaribishwa kwa mzee, nikakaa. Halafu nikasikia sauti ya mama kutoka jikoni, nyuma ya ukuta.

"Anjelina, leo amevaa?"

Anjelina akajibu kwamba amevaa hadi tai.

"Basi apewe chai."