Injini Iliyotoa Moshi Puani

Mama mkubwa aliteleza kwenye shamba lake la chai, akaumia bega la kulia, na tangu hapo hakuweza tena kuwasha mashine yake mwenyewe. Ilikuwa mashine ya kusaga aliyoachiwa na marehemu mumewe, kijijini juu ya Mponde: injini kuukuu ya dizeli, silinda moja, ya kuwasha kwa hendeli. Kila asubuhi ilibidi amsubiri shemeji yake, mdogo wa marehemu, aje kuizungusha. Shemeji alikuja alipojisikia. Wanawake waliotaka kusaga kabla ya kwenda kuchuma chai walisubiri na ndoo zao, wakachoka, wakashuka kwenye mashine ya bondeni.

"Shemeji, hii mashine inataka mwanamume," shemeji alimwambia mama mkubwa siku moja nikiwepo. "Niachie mimi. Unga wa kula nitakuletea."

"Unga ninao," mama mkubwa alijibu. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, wewe unayeshinda na vitabu vya mashine, hakuna namna hii ikawaka kama gari?"

Sikusomea ufundi, ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma na kwa kufungua vitu nione vilivyomo. Swali lile nililala nalo.

Namna ilikuwepo. Gari huwashwa na stata, mota ya umeme ambayo gia yake huuma meno yaliyozunguka flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Flaiwili ya mama mkubwa haikuwa na meno. Nilipata stata na pete ya meno za lori bovu huko Korogwe, na karakana moja ikachonga ukingo wa flaiwili mpaka ukabaki mnene kidogo tu kuliko tundu la pete. Nyuma ya nyumba tukakoka moto wa kuni za miwati, tukaiweka pete juu ya makaa. Nilikuwa nimesoma kwamba chuma kikipata moto hutanuka. Lakini kuiona pete iliyokataa katakata asubuhi ikishuka mahali pake kama kofia kichwani ni jambo jingine. Ilipopoa, ikashika moja kwa moja.

Stata niliifunga upande wa mlangoni, kwenye nafasi. Betri tuliichaji kwa paneli ya sola iliyo juu ya bati. Siku ya kujaribu watu walijaa, shemeji naye ameegemea mlango.

Nilibonyeza swichi. Injini ikazunguka, ikashika. Vigelegele vikapigwa. Mama mkubwa peke yake alitega sikio.

"Hiyo siyo sauti yake," alisema.

Moshi mweusi ulikuwa ukitoka kwenye chujio la hewa, mahali injini inapovutia pumzi. Ekzosi, bomba la kutolea moshi, haikutoa kitu.

"Jamani, inatoa moshi puani!" mama mmoja alipiga kelele.

Nilikata mafuta haraka, maana ikienda hivyo pampu haipandishi oili. Injini ilikuwa imezunguka kinyumenyume, ikivuta hewa kwa ekzosi na kutemea moshi kwenye chujio. Sikujua kwamba dizeli inaweza kufanya hivyo. Niliona aibu, lakini zaidi nilitamani kuiona tena.

"Fundi," shemeji alisema, "hapo sasa tutie unga, tutoe mahindi."

Watu walicheka sana, hata mama mkubwa. Walipoondoka hakucheka tena. "Jumamosi wateja wakija isipowaka vizuri," aliniambia, "shemeji ataichukua. Nimechoka kuomba."

Kwanza nilibadilisha nyaya za betri, nikidhani stata itageuka. Ikazunguka vilevile kama mwanzo. Baadaye nilisoma kwamba ndani yake kuna sumaku mbili za umeme, nazo hugeuka pamoja, kwa hiyo mwelekeo haubadiliki. Lakini kosa langu lilikuwa wapi? Hendeli huzungushwa kuelekea kulia, na nilikuwa nimehakikisha kwamba stata inapeleka flaiwili kulia.

Jikoni nilichukua ungo, nikausimamisha kati yetu, nikauzungusha polepole.

"Kwako unaenda wapi, mama?"

"Kushoto."

"Kwangu unaenda kulia."

Hendeli huingilia upande wa ukutani. Mimi nilikuwa nimepima nikiwa mlangoni.

"Basi stata nayo ihamie huku niliko," alisema, akauchukua ungo wake.

Niliihamishia upande wa pili wa flaiwili, ikaangalia ilikotoka, sasa ikisukuma kwa mwelekeo wa hendeli. Meno ya pete yalikuwa yamechongwa mteremko upande mmoja tu, ule ambao gia huingilia, kwa hiyo nikakaa na tupa nikiyachonga upande mwingine, jino baada ya jino.

Jumamosi kulikuwa na ukungu na baridi kali. Mama mkubwa aliinua kijiti cha valvu, kinachotoa hewa ndani ya silinda, kwa mkono wa kushoto ili flaiwili ipate kasi kwanza, kama alivyokuwa akifanya mumewe, akabonyeza swichi kwa kidole gumba cha mkono mbovu. Akaachia kijiti. Moshi ukatoka kwenye ekzosi. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Shemeji alifika jua limeshatoka, debe la mahindi begani. Aliangalia mkanda ukizunguka, akaangalia ukutani palipokuwa pakining'inizwa hendeli.

"Hendeli iko wapi?"

"Umeikanyaga, shemeji. Inazuia mlango usijifunge." Alikuwa akikinga unga wa mteja, hakugeuka. "Shusha debe, upange foleni. Wa mwisho ni yule dada mwenye ndoo nyekundu."