Ukufi wa Mgeni

Fomu yetu ilirudishwa siku ya Jumatano. Katibu wa ofisi ya kata aliilaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa unga, akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali: "Ndugu, andazi mia mnakandia kilo nne? Wenzenu wa mtaa wa pili wameomba kilo mbili na nusu. Hiyo inayobaki inaenda wapi?"

Nilijua anauliza nini. Miaka ile unga wa ngano ulitafutwa kwa tochi, na neno ulanguzi lilitosha kumkosesha mtu usingizi. Sisi wanawake watano tuliokuwa tumepanga nyumba moja pale Kariakoo tulikuwa tumeanzisha kikundi cha kupika maandazi, na kantini moja karibu na bandari ilishakubali kuyanunua. Kilichobaki ni kibali cha kugawiwa unga. Kibali kilitaka hesabu za kilo na gramu, vikombe havikuwa na nafasi. Katibu akanipa mpaka Ijumaa saa tisa. Hesabu ikija na kasoro tena, tunafutwa na mgao wetu wanapewa wengine.

Kosa lilikuwa langu, nalo lilitokana na kujidai. Mimi ndiye niliyefika darasa la nane, wenzangu wakaniachia kalamu. Mapishi yalikuwa ya mama mkwe wangu, mwanamke ambaye maandazi yake yaligombewa kila palipokuwa na maulidi. Yeye alipima kila kitu kwa kikombe kimoja cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi karibu na mkono. Kwa andazi ishirini na tano, unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, tui kikombe na robo. Shuleni nilifundishwa kwamba kikombe kama kile kikijaa maji ni robo kilo. Basi nikaandika robo kilo. Unga robo, sukari robo, kila kitu robo. Sikujiuliza hata mara moja kama unga na maji ni kitu kimoja. Nilikuwa nimesoma bwana, nijiulize nini?

Nilimweleza mama mkwe.

"Mimi nilikwambia vikombe," alisema. "Hizo kilo ni zako."

Usiku ule niliapa kwamba fomu ile itarudi ofisini ikiwa sahihi, hata kama nitapima punje moja moja. Tatizo lilikuwa mizani. Mizani ya karibu ilikuwa ya mzee wa Kiarabu mwenye duka la kona, na aliitumia kutwa nzima. Alhamisi nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba.

"Marahaba. Nikikupa mizani nitauza kwa macho?" akasema. Nikaganda palepale mlangoni, nikipisha wateja, mpaka akachoka kuniona. "Haya. Kesho nikifunga kwenda kuswali, ichukue. Nikirudi niikute."

Kwa hiyo Ijumaa ile, alipokuwa anasukuma komeo la duka, mimi nilikuwa nimeshajitwisha mizani kichwani, mawe yake yakigongana ndani ya kanga niliyofunga kiunoni. Wenzangu walikuwa uani wakisubiri. Unga tulikuwa tumechangishana, kila chumba kilitoa kidogo kilichokuwa nacho, na ukiharibika hakukuwa na mwingine. Nilimwambia mama mkwe achote mwenyewe, kwa mkono wake, kama anavyochota siku zote. Akachota, akapitisha kidole juu ya ukingo, nikamimina kwenye sahani ya mizani. Gramu mia moja arobaini. Cha pili, mia arobaini. Cha tatu na cha nne, hivyohivyo. Kikombe kilekile cha sukari kikavuka mia mbili. Nikaona aibu peke yangu, nikaandika.

Vikombe vinne, gramu mia tano sitini. Nilitaka kuondoka muda uleule kwenda ofisini. Lakini nilishaumwa na nyoka, na ung'ongo ulinitisha. Nikasema tukande kwanza kwa hesabu ya mizani, tuone.

Tukakanda. Unga ukanata. Ulinishika vidole, ukashika sinia, ukakataa kuwa donge. Wenzangu wakatazamana. Mmoja akauliza kama mizani ya Mwarabu ni nzima kweli, mwingine akasema labda tui lilikuwa jepesi. Mimi nilihisi machozi ya hasira yananipanda. Adhuhuri ilikuwa inakatika, mwenye mizani alikuwa karibu kurudi, na mbele yangu kulikuwa na uji.

"Vikombe ni vinne, Mama?"

"Vinne."

"Siku zote vinne?"

"Tangu sijamzaa mumeo." Akanisogeza kwa kiwiko, akakaa kwenye kibao. "Lete hapa. Unakanda kama unaogopa kukutwa."

Aliingiza mkono wa kulia kwenye sinia. Wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye debe la unga, ukachota ukufi mmoja, ujazo wa kiganja, ukanyunyiza, naye wala hakutazama. Akakanda mara tatu, mara nne. Donge likajikusanya, likaachia sinia.

"Mama, hicho ulichotia ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho! Cha mkono wa kushoto!"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua. "Hicho si cha kupima. Hicho ni cha mgeni."

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ukishapima chakula cha watu wako, unaongeza ukufi mmoja wa mtu ambaye huenda akabisha hodi. Hauhesabiwi, kwa sababu ukimhesabu mgeni umeshamnyima. Kwa hiyo miaka yote alisema vinne, na kwa imani yake hakuwa anasema uongo.

"Itabidi tuupime," nilisema.

"Hupimi mkono wangu kama nyama ya buchani."

Nilipiga magoti pale uani, na mimi si mtu wa kupiga magoti. Nikamwambia kwamba bila ukufi ule hatuna mgao. Akasoma bismillahi, akachota. Jiwe la gramu hamsini likasimama sawa na mkono wake. Nikamwomba arudie. Hamsini. Mara ya tatu, hamsini. Wenzangu wakapiga vigelegele, naye akasonya, lakini niliona anaficha tabasamu.

Mizani niliirudisha mbio, nikamkuta mzee ndiyo kwanza anafungua. Ofisini nilifika nikihema. Katibu akasoma: unga gramu mia tano sitini, wa mgeni gramu hamsini, zidisha mara nne kwa andazi mia.

"Wa mgeni? Mgeni gani huyu?"

Nikamweleza. Akachukua kalamu. "Fomu haina mgeni. Huu nafuta."

"Ndugu Katibu, ukifuta, uje ukande mwenyewe." Sikujua kama ni ujasiri au njaa. "Kila gramu hapo nimeipima. Ukiondoa huo, hatupati maandazi, tunapata uji."

Akajumlisha pembeni ya karatasi: kilo mbili, gramu mia nne arobaini. Chini ya wale wa mtaa wa pili. Akagonga muhuri. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza tunaanza lini kupika, na siku ya kwanza kabisa alibisha hodi uani. Mama mkwe akamkaribisha kwa chai bila kushangaa hata kidogo.

Mama alifariki miaka mingi iliyopita. Hatukuwahi kumpiga picha. Mimi sasa nina mizani ndogo ya betri aliyoniletea binti yangu. Napima mia tano sitini, narudisha sifuri, kisha nachota ukufi wa mgeni kwa mkono wangu. Mkono wangu ni mdogo, hauvuki thelathini na tano. Kila mara inabidi nirudi kwenye debe kufuata gramu kumi na tano za Mama, na kila mara, mtu mzima mimi, natamani angekuwepo azichote mwenyewe.