Nusu Kichwa

Saluni ya Mama Mikono ina viti vitatu, kioo chenye ufa, na mizani ya kupimia watoto inayoning'inia darini. Mgeni akiuliza mizani inafanya nini mahali pa kusukia, anaambiwa akae kwanza, maana habari yenyewe haitaki mtu aliyesimama.

Zamani watoto walipimwa zahanati, na mradi wa wafadhili ulimpa kila mama mche wa sabuni. Foleni ilifika barabarani! Mama Mikono alijitolea kule kwa moyo wote, kwa sababu mizani hiyohiyo ilimwokoa binti yake wakati ukoo mzima ukisema, "Ni mwembamba tu, kachukua kwa baba yake." Kisha wafadhili wakafunga mradi, wakapiga picha ya mwisho, wakaenda zao. Sabuni ikaisha na akina mama wakakata mguu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishasema.

"Dada, mwezi huu wamekuja wawili tu," muuguzi wa zahanati alimwambia, hana raha. "Naifungia mizani stoo."

Mama Mikono alirudi kazini amenuna. Alipoinua macho, saluni ilikuwa imejaa wateja waliokaa tangu asubuhi, watoto mapajani. Walewale wasio na nafasi ya kwenda zahanati! Alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Siku hiyohiyo aliiomba mizani, na muuguzi akakubali kuja kila Alhamisi.

Sheria yake ikawa moja. Mwenye mtoto mchanga anasukwa nusu kichwa, mtoto anapimwa, ndipo inafuata nusu iliyobaki.

"Huu ni utekaji!" mteja mmoja alilalamika.

"Mlango uko wazi, shoga yangu. Pita sokoni na hiyo nusu hivyohivyo."

Hakuna aliyethubutu. Foleni ikarudi, na sabuni hakuna aliyeiulizia.

Aliyegoma alikuwa mke wa fundi baiskeli, binti mdogo mwenye ulimi mkali, mtoto kamfunika gubigubi. "Wangu hapimwi," alisema. "Mkishampima mtaanza, oh, fulani hana maziwa."

Mama Mikono akaweka kitana chini. "Wangu alikuwa mwepesi kuliko huyo, mwanangu, na walisema weee. Leo ananibebea ndoo mbili kwa mpigo. Waache waseme."

Binti akamfunua mwanawe. Mshale wa mizani ulisogea kidogo tu ukasimama. Muuguzi akaangalia kadi, kisha akasema kwa upole, "Twende hospitali. Sasa hivi." Wakatoka mbio, upande mmoja wa kichwa cha binti umesukwa, upande wa pili nywele timtim, na saluni nzima hakuna aliyecheka.

Habari zilizokuja ni kwamba mtoto amelazwa hospitali kubwa, mbali. Baada ya hapo kimya. Wiki zikapita, na Mama Mikono akawa anasuka huku macho yako mlangoni. Aliogopa. Kila hodi ilimshtua.

Alhamisi moja mlango ukasukumwa bila hata hodi. Mke wa fundi baiskeli aliingia na kitambaa kichwani, hakumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye mizani na kumpakia mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Mshale ukaruka! Mtoto akamkojolea muuguzi, vigelegele vikapasua hewa, na Mama Mikono akalia mbele ya wateja wake bila kujificha.

Binti akakaa kitini, akafungua kitambaa. Upande mmoja ilikuwa misuko ya siku ile, imechakaa, mingine imefumuka. Upande wa pili haukuwa umeguswa.

"Kule wodini wenzangu walitaka kunimalizia," alisema. "Nikawaambia hii nusu ina mwenyewe. Haya, mama, nimalizie."