Akae, Ila Asilambe

Mbwa wetu alikuwa kichaa wa barafu. Mume wangu alifanya kazi ya kupakua mizigo kwenye uwanja wa ndege, kule Kanombe, na ndege kubwa zikishatua ilibaki barafu ya vinywaji ambayo ingemwagwa tu. Yeye aliitia kwenye mfuko, akaizungushia magazeti na gunia, akaikimbiza nyumbani Niboye kwa baiskeli. Ikifika imebaki kiasi cha ngumi mbili. Tunaitupa uani, na hapo vituko vinaanza. Mbwa anaibwekea. Anaikanyaga, inateleza, anaifukuza, anaikamata, inamchoma meno kwa ubaridi, anaitema na kuitazama kana kwamba imemtukana. Mwisho anailalia, tumbo chini, miguu yote minne imetanuka kama chura, mpaka inayeyuka yote, halafu anaamka na kuanza kuitafuta. Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini vumbini na kitenge changu kipya. Hata leo nikiona barafu kwenye glasi ya mtu nacheka peke yangu, na watu wananitazama vibaya.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini, mjini askari walikuwa wengi, na yaliyokuja baadaye yana mahali pake pa kuandikwa. Hapa naandika habari za mbwa, na naomba niachwe nifurahi.

Mbwa mwenyewe aliachwa na familia ya kigeni iliyoondoka nchini kwa haraka. Mlinzi wao alikuwa akimpa yeyote atakayemchukua, mume wangu akamchukua. Alikuwa na manyoya marefu meupe ya nchi za theluji, na jina la Kifaransa ambalo hakuliitikia hata mara moja. Tulimwita "wewe", akaja. Sasa mnyama wa namna hiyo umlete Kigali, mwezi wa saba, vumbi jekundu linapaa hadi kwenye vikombe, jua linapiga mabati mpaka yanalia. Nilijifunza kuishi naye. Kabla ya kumtoa njiani saa za mchana nilikanyaga ardhi kwa mguu mtupu. Kama mimi siwezi kusimama, na yeye hatoki. Maji yake yalikaa kwenye kivuli cha migomba. Gunia lililoloa lilitandikwa kwenye sakafu ya baraza, na hapo ndipo alipolala akihema, ulimi nje, bwana mkubwa kabisa.

Basi baba mkwe wangu akaja kukaa na sisi. Alikuwa fundi cherehani kutoka mtaa wa Waswahili mjini. Babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara, akaoa Mnyarwanda, hakurudi. Mama mkwe alikuwa amefariki, mzee akabaki peke yake na cherehani yake, na mume wangu akamwambia hapana, utakuja kwetu. Mimi ni Mkatoliki wa Kagarama. Niliolewa na Mwislamu kwa mapenzi na kwa ukaidi, nikabaki na rozari yangu, na katika sheria za dini yao nilijua ile ya nguruwe tu.

Mzee alishuka kwenye gari, akasimama mlangoni, akamtazama mbwa, mbwa naye akamtazama. Nikasikia ananiambia kwa upole kabisa: "Akae. Ila asilambe."

Hapo inabidi nieleze. Sisi tuliolelewa na Kinyarwanda, masikio yetu ya wakati ule yalikuwa hayatenganishi l na r. Kwangu zilikuwa herufi moja iliyovaa nguo mbili. Na ulimi wa mbwa ukipita kwenye sahani, sisi tulisema *kurigata*. Neno la Kiswahili, kulamba, sikuwa nalo. Lakini *kuramba* nililijua tangu tumboni. Kwa Kinyarwanda kuramba ni kuishi maisha marefu. Ndilo tunalowaombea watoto na maharusi. Kwa hiyo mzee alisema asilambe, na mimi nikasikia asirambe. Akae, ila asiishi siku nyingi.

Wee! Nina hasira za karibu, najijua. Nilisimama pale na begi lake mkononi, damu ikinichemka, nikijiuliza ni mtu gani huyu anayeingia nyumba ya watu na kumwombea mnyama wao kifo hata kabla hajapewa kiti. Lakini kwetu mke hamuulizi baba mkwe neno lake mara ya pili, wala hapeleki kwa mume mashtaka juu ya baba yake. Mama yangu alinikalisha chini kabla ya harusi akanielekeza hivyo, na nilikuwa nimeapa. Nikaitikia ndiyo, Baba. Nikapeleka begi ndani. Moyoni nikasema, tutaonana.

Tangu siku ile nikawa namficha mbwa. Nilimpenda mno, nisingekubali mtu amtilie kitu kwenye chakula au amwite askari wa jirani mwenye bunduki. Nilimhamisha kutoka barazani, maana pale mzee aliweka cherehani yake, nikampeleka nyuma ya jiko, kwenye kona ya ukuta na mabati. Hapo hakuna aliyepita ila mimi. Asubuhi, mzee akiwa bado anasoma Kurani yake baada ya sala, sisi wawili tulishatoka kwa mlango wa nyuma kuteremka bondeni.

Jamani, yale mabonde! Umande bado upo, hewa ya baridi, na mbwa anafunguliwa kamba. Alikimbia mpaka masikio yakageuka nje ndani. Aliwafukuza yangeyange ambao hata hawakumjali, wanaruka hatua mbili, wanamsubiri. Aliingia kwenye mfereji mzima mzima, akatoka mweusi hadi machoni, akaja kujikung'uta mbele yangu makusudi. Wanawake waliokuwa wanalima viazi vitamu walimwita kondoo wa Mzungu na kuniuliza tutamkata sufu lini. Nami niliwajibu kwamba namsubiri anenepe. Tulirudi kabla jua halijapata nguvu, mimi nimeloa kuliko yeye.

Adhuhuri mzee akilala kidogo, nilimwogesha mbwa kwa beseni, kikombe kimoja kimoja, tumboni na kwenye nyayo, maana mgongoni manyoya yalikuwa mazito, maji hayafiki popote. Na maji yalikuwa shida. Bomba lilikatika mara kwa mara. Kwa hiyo nilibuni uchumi wangu: sufuria zilizoganda wali na maharage nilimpelekea mbwa kwanza nyuma ya jiko. Alizing'arisha. Mwiko, bakuli, kifuniko, kila kitu. Nami nikamalizia kwa maji kidogo tu, nikapakua tena chakula cha jioni, nikampelekea mzee kwa magoti kama inavyopasa, uso wangu umefungwa kama duka la Jumapili.

Mume wangu aliona. Yeye alizaliwa katika dini ile, alijua vizuri mate ya mbwa yanafanya nini kwenye chombo. Alinyamaza kwa sababu alimpenda mbwa na alituogopa wote wawili, mimi na baba yake. Wanaume wengine ni hodari wa kunyamaza.

Siku niliyoogopa ilikuja mchana wa jua kali. Bomba letu lilikauka, nikaenda la mbali na jerikani, nikakuta foleni ya kufa mtu. Kumbe kona ile ya nyuma ya jiko kivuli chake kilikuwa cha asubuhi tu. Siku zote nilikuwepo kumsogeza. Siku hiyo sikuwepo. Jua likageuka, likamkuta amefungwa kati ya ukuta na mabati, na bakuli amelipindua.

Niliporudi sikumkuta. Niliona kamba imekatwa kwa mkasi. Nilitupa jerikani, nikazunguka nyumba huku mdomo wangu umejaa maneno ambayo mke hapaswi kuyasema, nikijua kabisa mzee ametimiza lake.

Nikamkuta mzee barazani, amepiga magoti kwenye sakafu. Mbwa alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba nusu, anahema mfululizo, ulimi umekuwa mwekundu wa kutisha. Na mzee, kwa kanzu yake nyeupe ya sala, alikuwa amemlaza kichwa mapajani. Alimwagia maji kutoka kwenye birika lake la kutawadhia, polepole, kwenye nyayo, kwenye kwapa, tumboni, na kwa mkono mwingine alimpepea na kipande cha suruali ya mteja. Aliniambia bila kuinua macho nilete kitambaa kilicholoa na niache kulia, machozi hayapozi mtu. Nilileta. Tulimpepea zamu kwa zamu. Nilimwomba Mungu wangu, yeye akamwomba wake, na mbwa akawa anahema, anahema, mpaka pumzi zikaanza kuachana. Mkia ukapiga sakafu mara moja. Akanyanyua kichwa, akanywa kidogo kwenye kiganja cha mzee, halafu akamshukuru kwa njia anayoijua yeye: alimpitishia ulimi usoni, kutoka kidevuni hadi kwenye kofia.

Mzee akakunja uso. Mimi nikaona sasa ndiyo basi, hasira imempanda. Nikaanguka miguuni pake.

"Baba, mwache arambe," nikasema. "Hii mbwa iko mupole. Tafadhali, mwache tu arambe."

Alinitazama, ndevu zinadondoka maji na mate. "Alambe mara ngapi, mwanangu? Amenimaliza uso mzima."

Hapo nikasahau kiapo cha mama yangu. Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye aliyesema asirambe, siku ile ya kwanza, na sijasahau. Akakubali kwamba alisema, na angesema tena. Nikamuuliza mnyama huyu alimkosea nini hata amtakie kufa. Nikaona midomo ya mzee inalirudia lile neno kimyakimya, mara kwa upande wake, mara kwa upande wangu, maana Kinyarwanda alikijua kama mimi. Kisha akatoa ulimi nje, mtu mzima na ndevu zake, akaugusa kwa kidole, akasema kwa Kinyarwanda: kurigata. Akaeleza kwamba kwao chombo kilichoguswa na ulimi wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na ndilo jambo pekee aliloomba katika nyumba hii.

Furaha iliniponza. Nilicheka, nikapiga makofi, nikasema kumbe ni kulamba tu, angenieleza mapema, maana kila siku nampa sufuria zote.

Mzee akauliza sufuria zipi.

Nikamwambia zote. Uongo ungefaa nini? Nilimwona anazihesabu kichwani, ugali wa jana, maharage ya juzi, pilau ya Ijumaa aliyoisifia na kuomba aongezewe. Nami nikajisemea kwamba nimemponya mbwa kwenye jua na kumfukuzisha mwenyewe kwa mdomo wangu.

Akasimama, akaagiza vyombo vyote vitoke nje. Tulivipanga uani, vya jikoni, vya kabatini, hata vya harusi. Akachimba udongo safi chini ya migomba, akakunja mikono ya kanzu, akaanza na sufuria kubwa. Mume wangu alifika kutoka kazini katikati ya shughuli ile. Aliona sufuria, aliona udongo, aliona uso wa baba yake, na baiskeli akaigeuza hapo hapo getini. Mzee alimwita arudi, akampa jerikani mbili akachote, na zikijaa akachote nyingine.

Mbwa alikuwa amepata nguvu kidogo. Kila tone lililoruka kutoka kwenye sufuria alinyoosha shingo alidake bila kusimama, mvivu asiye na haya. Mzee alianza kumrushia makusudi, juu, kushoto, kulia, na nikasikia kitu nisichowahi kukisikia tangu afike. Alikuwa anacheka. Nami nilicheka, lakini tulipobaki na vikombe tu nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama mbwa anaondoka.

"Mbwa ana kosa gani?" akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naondoka. Nimekwisha mwambia mume wako anitafutie gari la kubeba cherehani."

Nikamwuliza anakwenda wapi. Kule mtaani nyumba ilikuwa tupu, hata jiko alikuwa amegawa.

Aliendelea kusugua kikombe ambacho kilikuwa safi zamani. "Mke wa mwanangu ananiletea chakula kizuri kila siku, na hajaniangalia usoni hata mara moja," akasema. "Nilidhani hunitaki."

Nilihisi uchungu kuliko nilipoiona kamba imekatwa. Nilimwambia haendi popote. Nilimwambia tena, kwa sauti ambayo mke hamtolei baba mkwe hata nyumba ikiungua, nikimnyang'anya kikombe mkononi. Mzee akaniomba nipunguze kelele, mbwa amelala.