Amepona saratani, sasa anagombania kibao cha choo

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Mama Kola anaunga kola kwenye shingo ya shati. Mguu uko kwenye pedali, mikono inasukuma kitambaa, lakini macho kila mara yanakimbilia ukutani, kwenye msumari. Msumari ni mtupu.

"Nani kakichukua?" anauliza bila kugeuka.

"Yule wa vifungo," anajibu jirani yake wa mashine ya kushoto. "Na simu kaenda nayo."

"Na simu! Basi leo nimekwisha."

Kinachotafutwa ni kibao. Ni kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kuandikwa kwa rangi nyekundu: CHOO, LAINI YA 4. Laini ya nne ya kiwanda hiki cha mashati ina mafundi thelathini na wawili. Kibao ni kimoja. Usipokuwa nacho mkononi, mlinzi wa mlango wa ndani hakupishi, na mwenye nacho asiporudi, wengine mnabana. Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanabana.

Kwa wenzake hiyo ni kero tu. Kwa Mama Kola ni kazi yenyewe. Ana barua mbili za onyo kwa kosa la "kuacha mashine bila kibao", na kwa sheria za kiwanda barua ya tatu ni ya kufukuzwa.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na miaka kumi na minne kwenye mashine hiyohiyo. Jina la Mama Kola alipewa na wenzake kwa sababu kola zake hazirudishwi. Fundi wa kawaida huunga arobaini kwa saa. Yeye huunga hamsini na tano, huku akipiga soga.

Miaka mitano iliyopita aligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Akachomwa mionzi mara ishirini na tano, akatundikiwa na dawa za kwenye mshipa. Mwisho wa yote daktari akatazama picha, akamwambia ni safi. Nyumbani watu walilia, wakacheka, wakala mpaka sufuria zikakwanguliwa.

"Kila mtu alinipongeza, na mimi nikajipongeza," anasema. "Hakuna aliyeniambia kwamba ile mionzi haikuchagua. Imeua ugonjwa, sawa, lakini imeunguza na majirani. Utumbo, kibofu, chochote kilichokuwa karibu."

Tangu hapo tumbo lake halitoi taarifa mapema. "Wewe ukisikia haja una robo saa ya kumalizia ulichokuwa unafanya. Mimi nina dakika mbili. Si tatu. Nimezipima."

Mwaka wa kwanza baada ya matibabu, dakika mbili hazikutosha mara tatu. Moja ya hizo ilikuwa hapa hapa kiwandani. Alifunga sweta kiunoni, akatembea mpaka getini akiwaambia watu kamwagikiwa na chai.

"Chai!" anasema na kupiga kofi paja. "Na mimi sinywi chai. Wote wanajua sinywi chai."

Anacheka, kisha uso unabadilika ghafla. "Nikilalamika naambiwa, shukuru Mungu umepona. Nimeshukuru! Nimeshukuru asubuhi, nimeshukuru jioni, nadhani Mungu mwenyewe ameshasikia. Sasa naomba choo."

Ushauri haukukosekana. Dada yake mkubwa alimwambia asile wala asinywe maji mpaka atoke kazini. Mama Kola akafuata. Siku ya tisa alianguka juu ya rundo la mashati yasiyo na mikono, akabebwa hadi zahanati ya kiwanda. Nesi alimpa vidonge vya maumivu ya kichwa na kumgombeza kwa kutokunywa maji.

"Dada yangu ana roho nzuri," anasema, "lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye anakwenda chooni mara mbili kwa siku, tena anakwenda na gazeti."

Mambo ya nyumbani nayo yalikwenda kombo. Mumewe ni fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa maneno mengi, na ilibidi Mama Kola mwenyewe amruhusu azungumze nami.

"Niliogopa kumuumiza," mume anasema, akifuta grisi vidoleni. "Yeye akadhani simtaki. Mwaka mzima tumelala kama abiria, kila mtu na upande wake."

"Chumbani yalikuwa maumivu matupu," mkewe anadakia. "Nikadhani ndiyo basi tena. Na ningemuuliza nani? Ukiingia kwa daktari kuna wanafunzi sita wamesimama na madaftari. Utaanzia wapi?"

Baada ya barua ya kwanza ya onyo, ofisi ya kiwanda ilimpa fomu akaijaze hospitali. Fomu hiyo nimeiona. Ina swali moja la maana: "Je, mfanyakazi anaugua ugonjwa wowote kwa sasa?" Chini yake kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Daktari, ambaye foleni yake siku hiyo ilifika ngazini, alitazama majibu ya vipimo, akaweka alama kwenye Hapana, akampa mkono. Hongera, mama.

"Nikarudi kazini na hongera yangu," anasema Mama Kola. "Ningekuwa mgonjwa ningepewa ruhusa. Kwa kuwa nimepona, nikapewa barua ya pili."

Aliyeiandika ni msimamizi wa laini, ambaye mafundi wanamwita Bwana Dakika kwa sababu hamalizi sentensi bila kutazama saa yake. Si mtu katili. Anajua majina ya watoto wa mafundi wake wote. Lakini ana hesabu ya mashati mia tano kwa siku, na laini isipoifikisha, anayesimama mbele ya meneja ni yeye.

"Nikimpa huyu kibao chake peke yake, kesho kila mtu atakuwa na tumbo," alinieleza.

Nilimkumbusha kwamba kila mtu tayari ana tumbo. Hakucheka. Alitazama saa.

Mwaka jana, kwenye kliniki ya marejeo, Mama Kola alikutana na muuguzi mgeni ambaye alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, kwa siku unakwenda chooni mara ngapi?"

"Nikamwambia, kaa chini mwanangu, maana hilo si jibu la kusikilizwa wima."

Jibu lilikuwa mara kumi na sita. Muuguzi alimshika mkono, akampeleka mwisho wa korido, nyuma ya stoo ya viti vya magurudumu, kwenye chumba cha utengamao, yaani mahali pa kuusaidia mwili urudishe uwezo wake baada ya matibabu. Humo alifundishwa kukaza misuli ya nyonga, kuhesabu hadi kumi na kuachia. Akapewa daftari la kuandika kila anachokula na kile ambacho tumbo limekijibu. Akaandikiwa kidonge cha kutuliza utumbo cha kumeza kabla ya kazi. Yeye na mumewe wakaitwa pamoja, wakaelekezwa bila kuonewa haya yale ya chumbani, na kupewa mafuta na vifaa vya kutumia nyumbani.

Baada ya miezi minne, mara kumi na sita zikawa saba. Mazoezi huyafanya akishona, kola moja kukaza mara moja, na hakuna anayejua isipokuwa jirani wa mashine ya kushoto, ambaye siku hizi naye anakaza.

"Nilifurahi siku moja," anasema. "Siku ya pili nikapandwa na hasira mpaka nikavunja sindano mbili. Miaka mitatu! Miaka mitatu nafunga masweta kiunoni, na chumba kipo pale pale, hatua sitini kutoka mlango wa daktari wangu. Nimezihesabu. Nani alikufa akaenda na hiyo habari?"

Mtaalamu wa mazoezi wa chumba hicho ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, naye amechoka kuulizwa swali hilo. "Wanatufikia wamechelewa, karibu wote. Ukiwauliza walikuwa wapi, wanasema waliambiwa wamepona. Sisi tuna vitanda viwili na tunafungua siku mbili kwa wiki. Mlangoni kwetu mpaka leo pameandikwa Stoo."

Lakini mara saba kwa siku bado ni mara nne ndani ya saa za kazi, na dakika mbili zimekuwa tano, si thelathini. Wiki mbili zilizopita kibao kilitoweka kwa dakika kumi na mbili. Mama Kola alimsukuma mlinzi kwa kiwiko, akapita. Jumatano akaitwa ofisini.

Mezani walikuwa wanne: meneja, ofisa utumishi, mwakilishi wa wafanyakazi na Bwana Dakika. Wote wanaume. Miaka yote hiyo Mama Kola alikuwa akisema "tumbo" na kuishia hapo, na ndivyo alivyopanga kusema tena.

"Nikamwona ofisa utumishi anaandika. Nasoma vizuri tu hata karatasi ikiwa juu chini, ni kazi yetu mafundi. Kaandika 'mazoea mabaya'. Moyo ukanichemka. Mazoea!"

Aliwaeleza yote. Alitaja saratani, akaitaja ilipokuwa, akataja mionzi ilikopita na njia ya haja kubwa ilivyoungua, kila sehemu kwa jina lake la hospitali. "Wakainamisha vichwa wakitazama meza. Wanaume wanne, meza moja, utadhani imeandikwa matokeo ya mpira."

Meneja ndiye aliyeinua kichwa wa kwanza. "Lakini mama, si umepona?"

"Ugonjwa nimepona, bwana meneja. Tiba ndiyo naiugua."

Hata Bwana Dakika, anasema, hakutazama saa. Wakamwambia arudi kazini, atajibiwa kwa maandishi.

Barua imefika leo, siku ya ziara yangu. Mapumziko ya mchana, Mama Kola anaketi kwenye benchi nje ya ghala la vitambaa na kunipa niisome kwa sauti. Anaruhusiwa kuacha mashine bila kibao, na onyo lililokuwa linakuja limesitishwa. Nataka kumpongeza. Ananizuia kwa kidole. "Endelea."

Ruhusa hiyo itadumu "mpaka mfanyakazi atakapopona kabisa", na kila mwezi alete uthibitisho wa daktari kuwa bado ni mgonjwa. Asipouleta, onyo la tatu litatolewa.

Nimeisoma mara tatu. Daktari gani huyo? Yule yule aliyeandika Hapana? Athibitishe ugonjwa ambao yeye mwenyewe amesema haupo? Nilimfuata ofisa utumishi nikamuuliza. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba hiyo ni lugha ya kiofisi, na kwamba kila ruhusa lazima iwe na mwisho.

Ninaporudi, Mama Kola ameshaomba rula kwa mkata vitambaa. Anachukua kalamu yangu. Anapiga mstari ulionyooka juu ya "mpaka mfanyakazi atakapopona kabisa", na mwingine juu ya habari ya daktari, na pembeni anaandika kwa herufi kubwa: KWA MUDA WOTE ATAKAOKUWA KAZINI. Anatia sahihi, kisha anampelekea Bwana Dakika, ambaye naye anatakiwa kutia yake.

"Mama Kola, barua ya kampuni haifutwi," anasema msimamizi.

"Basi wakaiandike upya, kaka yangu. Hiyo nimewapa mfano."

Bwana Dakika anasoma palipofutwa, anasoma palipoandikwa. Anaguna. Haweki sahihi, wala hairudishi. Anaikunja mara mbili, anaitia mfukoni na kupanda ngazi za ofisi. Hadi makala haya yanakwenda mitamboni jibu lilikuwa halijatoka.

Ninamuuliza Mama Kola atafanya nini wakikataa. Anasema ataiandika tena, mwandiko anao. Ninamuuliza basi ana matumaini gani, kwa jumla, na maisha. Ananitazama kama anatafuta mshono uliopinda.

"Nina miaka arobaini na mmoja. Hapa tunastaafu na sitini. Hiyo ni miaka kumi na tisa, mara nne kila siku ya kazi. Kufa sifi, na kazi siachi. Waambie waanze kuzoea."