Jicho Langu na Harusi ya Wifi

Surua iliniachia ukungu kwenye jicho la kulia nikiwa mtoto, na la kushoto halikuwa na nguvu. Nilikua hivyo, nikaolewa mtaa wa Kanyenye, Tabora, hivyo, nikiwajua watu kwa sauti na kwa mwendo wao. Miaka ile ya Ujamaa, daktari mmoja aliyekuwa akizungukia mikoa alinitazama, akasema jicho lenyewe ni zima. Kilichoharibika ni kioo chake cha mbele tu. Dar es Salaam wangeweza kukitoa na kunishonea cha mtu aliyefariki. Mume wangu aliuliza kama nitaumia. Mama mkwe aliuliza marehemu ni mtu wa wapi. Hakuna aliyejua, basi akamwombea dua hivyo hivyo, nami nikapanda treni.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Watu hudhani ukishatoka hospitali umemaliza, kumbe ndiyo kwanza unaanza. Nilirudi na dawa ya matone na makatazo tele: nisiiname, nisibebe ndoo kichwani, nisikae penye moshi, nisifikiche jicho hata liwashe vipi. Daktari alinikazia neno moja la mwisho.

"Mwili unaweza kukikataa kioo hiki hata baada ya kutulia kwa miezi. Ukiona wekundu, maumivu au ukungu, njoo. Usingoje tarehe yako."

Kazi ya kunitia matone aliichukua wifi yangu, mdogo wa mume wangu, tuliyekuwa tukiishi naye. Alikuwa msichana wa maneno mengi. Alinilaza mkekani, akanifungua kope kwa vidole viwili, huku akinipa habari za mtaa mzima ili nisipepese. Ukungu ulipopungua, uso wa kwanza niliouona vizuri ulikuwa wake.

"Kumbe una mwanya," nikamwambia.

"Ninao tangu zamani. Uzuri wote huu ulikuwa unakupita."

Majirani nao walikuja kunijaribu. Mmoja alisimama mlangoni, akataka nimsomee maneno ya kanga yake. Mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini kama huwa nayaona aliyokuwa akiyaona marehemu. Nikamjibu kwamba ninachoona ni sufuria zake ambazo hazijasuguliwa. Alicheka kuliko sisi wote, na hakuuliza tena.

Kila tarehe ya kliniki ilipofika, ndani ya treni nilimkuta mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, aliyepandia Urambo. Tulishonewa vioo wakati mmoja, tukapangiwa siku zile zile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," akaongeza kwa salamu ya Kinyamwezi. "Njoo ukae huku, jua halifiki."

Akafungua chupa yake ya asali, tukala na mihogo. Yeye alikatazwa moshi wa bani la kukaushia tumbaku, kwa hiyo moto ukawa wa mkewe.

"Mimi nakaa upande unakotoka upepo, natoa ushauri," aliniambia. "Hausikilizwi, lakini natoa."

Kliniki aliitwa kabla yangu. Siku moja alitoka akaninong'oneza herufi za mstari wa chini kabisa wa ule ubao wa kupimia macho, ili nami nifaulu. Nikamwambia daktari anapima jicho, hapimi kumbukumbu.

Kisha wifi akaposwa na kijana wa mtaa wa Ipuli. Wiki ya harusi alikuwa amewekwa ndani, anasingwa kwa liwa, lakini matone hakumwachia mtu. Asubuhi moja alinifungua kope, akanyamaza. Kwa yeye kunyamaza, nilijua kuna jambo.

"Wifi, jicho jekundu."

"Moshi wa udi huo."

"Udi tulifukiza juzi. Linauma?"

"Kidogo, nikitazama dirishani."

Akaiweka chupa chini. "Utapanda treni ya leo."

"Na harusi?"

"Harusi ina watu wengi wa kuishughulikia. Hilo jicho lina mimi na wewe."

Akatoka na liwa yake usoni hadi uani, walikokuwa wakichambua mchele, akasema harusi ingoje hadi nirudi. Shangazi yake alisema jambo hilo halijawahi kuonekana Tabora. Mama mkwe akaweka ungo wa mchele chini. Alijifunga kanga akaenda Ipuli mwenyewe kuwaeleza upande wa pili. Alirudi akicheka. Bwana harusi amesema aliyevumilia kusubiri jibu la posa hashindwi na siku chache.

Nilisafiri na mume wangu, na njia nzima nilifunika jicho kwa kiganja, nikiogopa kulifunua nisije nikakuta giza. Daktari alilimulika kwa muda mrefu.

"Umewahi," akasema.

Mwili ulikuwa umeanza kukikataa kile kioo. Nililazwa, nikatiwa matone mchana na usiku, na polepole wekundu ukaisha. Nilipoweza kuhesabu vigae vya paa la nyumba ya jirani kupitia dirishani, nikaruhusiwa.

Harusi ilifanyika, na mchele haukuharibika kama shangazi alivyohofia. Mzee wa Urambo alikuja na mkewe na debe la asali, na kabla ya kuketi alinivuta kwenye mwanga akalikagua jicho langu kwa makini, kama aliyesomea. Mimi nilikatazwa jikoni, nikaketi karibu na bibi harusi, nikamtazama hina yake mstari kwa mstari, mikononi hadi miguuni. Aliniuliza kwa pembe ya mdomo kama amependeza. Nikamwambia amependeza, ila upande mmoja wa wanja umepanda juu kidogo. Alinifinya.

Nyuzi zilitolewa baadaye, na jicho hilo nalitumia mpaka leo. Shemeji yangu naye hajaacha kunitambulisha kwa wageni kuwa mimi ndiye mwanamke aliyemcheleweshea mke.